Kofia ya Benchi la Mwisho

Mwalimu Mutiso,

Sianzi na pole wala sala. Pole nilizipokea mimi kwa niaba yako hadi nikachoka nazo, na sala umesomewa za kutosha na watu ambao ulipokuwa hai hawakukaa nawe hata kwa kikombe kimoja cha chai. Mimi nimekasirika. Nimekasirika tangu wiki ya mazishi yako, na huu ni mwezi wa tatu. Nimeona nikuandikie kabla hasira haijaniozea kifuani.

Niko ukumbini, kwenye benchi lako la mwisho, chini ya lile dirisha lisilo na kioo. Mafundi wa kuchomelea walio nyuma ya ukuta wanagonga milango yao ya chuma kama kawaida. Kofia yako ya kijivu iko hapa kando yangu. Bado ina harufu ya mafuta yako ya nywele, ingawa nywele zenyewe zilikuhama zamani. Ungekuwepo ungenijibu kwamba hazikuhama, zilistaafu. Sicheki, Mwalimu. Leo usijaribu kunichekesha.

Unakumbuka nilivyoingia shule hii? Mimi Atieno, msichana wa hapa hapa Jericho, baba anashona viatu sokoni mpaka leo, nilizaliwa mitaa miwili kutoka langoni na sikuwahi kulivuka, kwa sababu ni shule ya wavulana. Nikaja kufanya mazoezi ya ualimu, Kiswahili na muziki, nikabaki hadi leo. Asubuhi ya kwanza nikasimamishwa mbele ya paredi nijitambulishe. Nikasema maneno yangu. Nyuma kabisa nikaona mzee mmoja ameinua kofia juu ya kichwa. Nikadhani unanisalimu, nikakupungia mkono. Shule nzima ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Baadaye ukaja stafrumu na andazi mkononi, ukanieleza sheria yako: kofia ikipanda, maana yake huku nyuma hakijafika kitu.

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yako yote, ukitaka kusema kweli. Shairi, igizo, wimbo, hotuba, kila kitu ulikifundisha ukiwa umekaa hapa nilipo. Walimu wengine wa maigizo wanasimama mbele na kuchezesha mikono. Wewe ulikwenda mwisho wa ukumbi, ukakaa, ukangoja. "Aliyekaa mbele atasikia hata ukinong'ona," ulikuwa ukisema. "Aliyekaa nyuma ndiye mgeni wa heshima." Na mvulana akianza kupayuka ili akufurahishe, ulimkatiza: "Usipige kelele. Fikisha." Kelele ni ya koo, kufikisha ni kwa tumbo na nia. Nililiandika neno hilo kwenye jalada la daftari langu. Bado liko.

Na Alhamisi zako. Kila Alhamisi saa tisa na nusu mvulana mmoja anachovya mkono kwenye kopo la majani chai, anatoa karatasi yenye neno moja, anapanda jukwaani na kulisemea dakika mbili bila kujiandaa. Chapati. Jirani. Deni la soda. Nimeona vijana wakubwa wenye ndevu wakitetemeka mbele ya neno "sabuni". Ulikuwa ukiniambia kwamba mtoto wa mitaa hii yetu ya Eastlands anaongea siku nzima, mtaani, kibandani, uwanjani, lakini hakuna anayemsikiliza hadi mwisho. Kwa hivyo tuwape dakika mbili ambazo hakuna mtu atawakatiza.

Brayo alianza hapo. Brian Otieno, kidato cha kwanza wakati huo, mfupi, sweta refu kuliko yeye, kutoka Dandora. Akachovya akatoa "taka". Darasa likaanza kuguna, kwa sababu kila mtu alijua mamake anachambua plastiki kule jalalani. Yeye akasimama akawaangalia, akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuitarajia kutoka kwa kifua kidogo vile: "Nyinyi mnatupa. Sisi ndio tunajua mlikula nini." Kisha akanyamaza. Aliwaacha wakae na aibu yao kwanza, halafu ndipo akaendelea. Nilikugeukia. Kofia yako ilikuwa magotini na ulikuwa unatabasamu kama mtu aliyeona gari la mjomba likikata kona.

Nakukumbusha haya ili ujue kwamba najua ulichokuwa nacho mkononi. Hukuharibu kitu usichokijua thamani yake.

Shairi la kwaya la mwaka huu lilikuwa lako tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Foleni ya maji mtaani. Mitungi imepangwa tangu asubuhi, kila mmoja na alama yake ya rangi, maji yanafika, watu wanachota, foleni inasonga, na unabaki mtungi mmoja ambao mwenyewe harudi. Wavulana thelathini wanasema kwa pamoja, wanasukumana, wanagombana, kisha wananyamaza wote, na Brayo anatoka mbele na mstari wake mmoja tu: "Mtungi huu ni wa nani?" Ulimwambia mwenyewe nikiwepo. Aulize chini, kama mtu anayeogopa jibu.

Halafu kofia ikaanza kupanda.

Mwanzoni sikushangaa. Ni kazi yake kupanda. Lakini ilipanda kwenye mistari iliyokuwa inafika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, karibu nawe kabisa, na nilikuwa nasikia kila neno. Kofia juu. Wavulana wanarudia kwa nguvu. Kofia juu. Wanarudia kwa nguvu zaidi, mishipa imewatoka shingoni. Kufikia mwezi wa pili, mafundi wa kuchomelea walikuwa wakiacha kazi kuja kuchungulia ni nani anapigwa. Na Brayo, na ule mstari wake mmoja wa kuuliza chini, alikuwa akiupigia mayowe mara ishirini kwa siku kwa sababu wewe ulikuwa umeketi hapa na mkono hewani.

Nilikuambia. Usiseme sikukuambia. Nilikuja nikakaa kando yako nikasema sauti zao zimechoka, tuwapumzishe wiki moja. Ukanitazama mdomo wangu muda wote niliokuwa nasema, ukatabasamu, ukasema, "Wataifikisha tu, Madam." Nikafikiri ni ukaidi wa uzee. Ukaanza kuniachia mimi nitafute sauti ya kuanzia nyimbo kwenye kinanda, kazi ambayo hapo awali ungeona afadhali ufe kuliko kumwachia mtu. Nikafikiri unaniheshimu, nikavimba kichwa. Stafrumu ulikuwa ukicheka wakati hakuna aliyetania. Ulibadilisha kiti chako cha miaka yote ili ukae na ukuta upande wa kulia. Mambo yote haya niliyaona kwa macho yangu, Mwalimu, na sikuyajumlisha. Nina hasira na hilo pia.

Lakini kuna lililonizidi. Siku moja Brayo alikuja kwangu anakohoa, ananong'ona, ana kipande cha tangawizi shavuni. Akaomba nisikasirike kwa atakalosema juu yako mzee: "Madam, usicatch, lakini huyu buda haskii. Tunafikisha na bado kofia iko juu." Unajua nilimfanya nini? Nilimpeleka kwako akuombe msamaha. Nilimshika kwa mkono wa sweta nikampitisha uwanja mzima wa shule wenzake wakiona. Akasimama mbele yako akasema, "Samahani, Mwalimu." Na wewe ukampapasa kichwa. Ulimtazama mdomo wakati anasema samahani, ukaielewa, ukaipokea. Kijana alisema ukweli, na sisi watu wazima wawili tukamtaka aombe msamaha kwa huo ukweli. Mmoja hakujua. Mwingine alijua.

Siku ya tamasha la eneo nadhani hunihitaji nikuhadithie, lakini nitakuhadithia, kwa maana sasa sijui ulisikia nini siku ile. Labda hukusikia chochote. Foleni ilikwenda vizuri, ingawa kwa makelele. Wakanyamaza. Brayo akatoka mbele. Akafungua mdomo, akasema "Mtu", na baada ya hapo hakikutoka kitu. Hewa tu. Alijaribu tena, ukatoka mkwaruzo wa bawaba ya mlango. Ukumbi mzima wa shule ya watu ulikuwa kimya ukimngoja. Wa nyuma yake wakaingilia kati wakamwokoa, lakini shairi lilikuwa limekwisha. Mwamuzi akaandika kwenye karatasi yake kwamba kundi hili lina kelele nyingi na hisia chache. Kelele, Mwalimu. Kundi lako.

Na pale nje langoni, wavulana wakiwa wamekaa chini kwenye vumbi na sare zao, nilikujia. Nilikuambia mbele yao wote kwamba umeua sauti ya mtoto wa watu kwa ajili ya kiburi chako. Nilikuambia uzee si cheo. Sikupaza sauti, niliyasema polepole na wazi, kama ulivyonifundisha, kwa hivyo najua uliyasoma yote mdomoni mwangu. Ulivaa kofia yako. Ukasema, "Ni kweli, Madam."

Nikadhani unanikejeli.

Hatukusalimiana tena. Wiki tano tulikunywa chai kwenye stafrumu moja, tukipitishiana sukari bila neno. Kisha ukaanguka kwenye ngazi za bweni, ukapelekwa hospitali, na siku ya nne tukaambiwa wewe ni wa kuzungumziwa kwa wakati uliopita. Maneno yangu ya mwisho kwako ndiyo yale ya langoni. Sijui nikulaumu wewe au nijilaumu mimi, na ndiyo maana nakulaumu wewe. Wewe hujibu.

Nilikwenda nyumbani kwako kuketi na mkeo, Mama Mwende. Wanawake wa kanisani walikuwa jikoni wakimenya viazi na kusemezana kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilidhani ni mazungumzo tu ya matanga. Mama Mwende akanishika mkono akanipeleka chumbani, akanipa kofia hii imefungwa kwenye leso. Ndipo akaniambia. Uvimbe ndani ya kichwa, nyuma ya sikio la kulia. Sikio hilo lilikufa mwaka jana, la kushoto likafuata mwanzoni mwa mwaka huu. Daktari alisema upumzike kazi. Ukakataa. Nikamuuliza Mama Mwende kwa nini hukutuambia hata mmoja wetu. Akasema, "Alijua akisema tu, mtamtoa kwa wale vijana."

Halafu akaongeza, bado amenishika mkono, "Usimwambie mtu, mama. Wamwache na heshima yake." Nikasema ndiyo. Mbele ya mjane na jeneza bado halijafika nyumbani, wewe ungesema nini? Nikasema ndiyo, nikabeba kofia.

Basi sikiliza kilichofuata. Nasema sikiliza kwa makusudi.

Mkutano wa walimu wa kwanza baada ya kukuzika, Mwalimu Mkuu alisema chama cha maigizo kimekuwa pango la wavulana wa kelele, na Alhamisi zako zitakuwa za hesabu za ziada. Kisha akafika kwa Brayo. Sauti ya kijana wa miaka kumi na saba haipotei hivi hivi, alisema. Huyo anavuta. Ametoka Dandora, mnategemea nini? Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ikaandikwa barua aende nyumbani, arudi na mzazi, na kuwe na kikao cha kuamua kama atabaki shuleni. Na mimi niliyejua kila kitu, mimi ninayewafundisha watoto wa watu kuinuka na kusema, nilikoroga chai yangu mpaka ikapoa.

Nilijiambia marehemu hasemwi. Nilijiambia nimempa mjane neno langu. Zote ni sababu nzuri, na zote nilijificha nyuma yake.

Brayo alikuja kunitafuta na barua yake. Daktari wa zahanati alikuwa amemkataza kuongea wiki mbili, kwa hivyo alikuwa na daftari. Aliandika: "Madam unajua mi sivuti. Si uwaambie tu." Nikamwambia nitaona. Alinitazama kidogo, akaandika tena, akanigeuzia: "Ama we pia unadhani?" Nikamwambia aende nyumbani apumzishe koo. Hiyo ndiyo hatua ya chini kabisa niliyowahi kufika katika kazi hii uliyonifundisha. Nilimwacha mtoto na kalamu mkononi anangoja.

Kikao chake kiliwekwa Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo asubuhi shule iliandaa kumbukumbu yako. Nadhani hakuna aliyeona ubaya wa kuyaweka siku moja. Picha yako ikawekwa jukwaani, ile ya kitambulisho iliyokuzwa hadi ukawa na pua ya mtu mwingine. Maua ya plastiki. Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba ukumbi huu utaitwa kwa jina lako. Mama Mwende alikuwa safu ya mbele kwa nguo nyeusi, na mwanao Mwende kando yake. Mimi nilipewa kusoma wasifu. Kurasa mbili, sifa tupu. Asubuhi nilikuja peke yangu nikaiweka kofia yako hapa kwenye benchi lako, nikaona ni jambo zuri la heshima. Nilijipongeza hata.

Nikapanda, nikaanza kusoma. Alikuwa baba, alikuwa mlezi, alikuwa taa. Nikainua macho kama ulivyotufundisha, nimtafute mtu wa mwisho. Mtu wa mwisho alikuwa mama mmoja mwenye kitambaa cha kichwa kilichofifia, ameketi kwenye ncha ya benchi lako na mkoba magotini, glavu za kazi zimechomoza. Kando yake Brayo. Walikuwa wamefika mapema kwa kikao, askari wa lango akawaingiza ukumbini wangojee. Yule mama alikuwa ameinama mbele, ameweka kiganja nyuma ya sikio, anajitahidi anisikie. Alikuja kusikia mwanawe akihukumiwa na alidhani labda kikao kimeshaanza.

Mgeni wa heshima, Mwalimu. Yule pale.

Sikuweza kuendelea na taa na mlezi. Nikaikunja karatasi. Nikasema kuna jambo. Nikasema Mwalimu Mutiso mwaka huu alikuwa na shida ya masikio na kwamba kuhusu yule mwanafunzi si kama tulivyodhani. Nilisema hivyo nikitazama viatu vyangu, kwa ile sauti ya mtu anayeungama kwa ukosi wa blauzi yake. Safu za mbele zilisikia. Mama Mwende alifumba macho. Mwalimu Mkuu akajisogeza kitini. Nikawaza basi, nimesema, Mungu ameona, nishuke. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi.

Kofia ikapanda.

Brayo alikuwa amesimama hapa hapa nilipoketi, ameinyanyua kwa mkono wa kulia, juu, imetulia, kama ulivyokuwa ukiishika wewe. Hakuwa na uso wa hasira. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajasikia na anataka kusikia. Mvulana mmoja akageuka kuangalia, akamgusa mwenzake, na safu baada ya safu zikageuka, hadi shule nzima ilikuwa inaangalia kofia yako ikiwa juu, na hapana hata mmoja ambaye hakujua maana yake. Kisha wakanigeukia mimi.

Nilitaka kulia na nilitaka kukupiga. Zote mbili kwa pamoja. Nikarudisha mguu jukwaani. Nikavuta pumzi kutoka tumboni. Nikamtazama yule mama wa mwisho, sikumtazama mkeo, na nikasema:

"Mwalimu Mutiso alikuwa hasikii. Masikio yote mawili. Alijua na hakutuambia. Aliinua kofia kwa sababu masikio yake yalikuwa yamekufa, si kwa sababu sauti za vijana zilikuwa chini. Brian Otieno havuti. Brian aliharibu koo lake akijaribu kumfikia mwalimu wake. Aliniambia mapema, nikamlazimisha aombe msamaha. Nimejua ukweli huu tangu matanga, na nimenyamaza."

Mafundi walikuwa wameacha kugonga. Yule mama aliondoa kiganja sikioni, akaweka mkono wake kwenye goti la mwanawe. Kofia ikashuka.

Sasa wewe ndiwe unayetaka kujua yaliyofuata. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akasema ningemwambia faraghani, nimemwaga mtama penye kuku wengi. Nikamwambia kwenye mkutano alimsema kijana mbele ya walimu wote, hakumsema faraghani. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Barua ilifutwa, kikao hakikufanyika, na mama Brayo akarudi kazini kwake kabla ya jua la mchana. Alinishika mkono langoni. Alisema tu, "Asante, mwalimu, nimesikia." Alhamisi moja katika mbili imerudishwa, nyingine imebaki ya hesabu. Ubao wa jina lako haujatundikwa. Umeegemezwa ukutani kwenye stoo, na sijaamua kama nataka utundikwe.

Mama Mwende hajanisamehe. Aliondoka siku ile bila kunitazama. Nilikwenda nyumbani kwenu mara mbili, mara zote Mwende alinifungulia akasema mama amelala, saa nne asubuhi. Wiki jana tulikutana sokoni Jericho, kwenye sukuma wiki. Alisema, "Habari," nikasema, "Nzuri, mama," akapita. Nilivunja neno nililompa na singelivunja ungekuwa umesema mwenyewe. Hilo nalo ni lako. Lipokee.

Ninachoshindwa kukimeza ni hiki. Ulituona sisi kama watu wa kukunyang'anya. Mimi, Mwalimu? Ungeniambia siku ile nilipokuja kukaa kando yako. Ungesema tu, "Atieno, sisikii tena." Ningeketi hapa kando yako kila jioni, na kila neno ambalo lingefika ningekugusa goti. Basi. Neno limefika, nakugusa goti. Hakuna mtu angejua. Ungebaki na kofia yako, ungebaki na vijana wako, na Brayo angebaki na koo lake. Ilikuwa rahisi hivyo, na wewe ukachagua kukaa peke yako kwenye kimya chako, ukimnyooshea kofia mtoto ambaye alikuwa amekwisha kukufikia. Alikuwa amekufikia tangu mwezi wa kwanza, Mwalimu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia.

Sauti yake imerudi nusu. Imeshuka, ina ufa, na ikichoka inakatika katikati ya neno. Wa zahanati anasema huenda itakaa hivyo. Hataki tena kusimama mbele. Nimemwambia tutalirudia shairi la mitungi mwaka ujao na ule mstari ni wake, atauuliza na sauti aliyonayo, chini, kama ulivyotaka kabla hujaacha kusikia. Amesema atafikiria. Sijamsukuma. Nimejifunza kwako usichokuwa umekusudia kunifundisha.

Nakuaga sasa, kwa sababu ni Alhamisi na naona wavulana wanaingia na kopo la majani chai. Lala, Mwalimu. Sijapoa, na sikuahidi kwamba nitapoa. Nakuahidi kitu kingine. Siku masikio yangu yatakapoanza kufa, au macho, au akili, nitasimama mbele yao kabla sijamgharimu mtoto yeyote, nitasema kwa sauti ya kufika nyuma, na nitamwomba mmoja wao aje aketi nami aniguse goti.

Brayo amefika. Anasema, kwa ile sauti yake ya ufa, kwamba nimekalia mahali pake. Nampa kofia, nakwenda mbele.

Atieno